Gemu ya Wiki Tatu

Jamaldin alitengeneza gemu yake kwa wiki tatu. Yangu nilikuwa nimeishughulikia miaka mitatu na miezi miwili, na ilikuwa haijavuka lango la kwanza.

Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu kila nilichofanya baadaye kilitoka hapo. Tulijifunza kazi hii pamoja, yeye na mimi, kwenye kompyuta moja kuukuu iliyowekwa chumba cha nyuma cha bucha ya baba yake, Mzee Hassan, pale Majengo, Meru mjini. Mmoja alibonyeza, mwingine akasoma maelezo kwa sauti, halafu tukabadilishana. Mwalimu hatukuwa naye. Hata ushairi nilijifunza hivyo hivyo, bila mwalimu, nikihesabu mizani kwa vidole kwenye kaunta ya duka la kuchapa mitihani huko Kaaga, ninakofanya kazi mpaka leo. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuniambia kwamba Jamaldin ana kipaji alikuwa ananipotezea wakati. Kipaji cha Jamaldin nilikijua kabla baba yake hajakijua. Sikujua tu kwamba kingenipita.

Gemu yangu inaitwa Wana wa Mlima. Ina wapiganaji arobaini, farasi, ngome ya mawe, na ukungu unaoshuka kutoka mlimani mpaka kwenye nyasi. Ukungu peke yake ulinila miezi minne. Kila mpiganaji akifungua kinywa anasema kwa ubeti, na beti zote nimezitunga mimi, mia nne na ushee. Ilikuwa gemu ya kuwekwa meza moja na zile za ng'ambo, zinazotengenezwa na watu elfu moja kwa fedha za kujenga barabara. Tatizo ni kwamba ilitaka kompyuta yenye nguvu, na katika watu wote ninaowajua ni mimi tu niliyekuwa nayo. Hata hiyo, ukungu ukianza kushuka, feni yake ililia kama kinu cha kusaga mahindi.

Gemu ya Jamaldin ilikuwa ya simu. Aliiita Zamu. Unaona mashamba sita ya ndizi yaliyochorwa kwa vimraba vidogo, kila shamba na nyumba yake, na bomba moja la maji linalopita katikati. Kila shamba lina siku yake. Siku yako ikifika unafungua koki, migomba inanyanyua majani. Siku ikiisha unafunga, maji yanaenda kwa jirani. Ni hayo tu. Hakuna adui, hakuna saa inayokukimbiza, hakuna neno hata moja lililoandikwa. Sauti ni ya maji peke yake. Uzito wake ni kama picha tatu za harusi.

Aliponionyesha mara ya kwanza alikuwa bado amevaa aproni ya bucha. Nilimwambia ni nzuri kwa mazoezi.

"Mazoezi ya nini, Kaile?" akasema. "Imeisha."

Neno hilo lilinifuata siku nzima.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma, na sikumwambia. Mtoto wa Mitunguu ni mimi. Mimi, Kailemia mwana wa Celina, ndiye niliyezaliwa chini ya migomba, ambako maji hutoka kwenye bomba la kijiji kwa zamu na kila mtu anajua siku yake kama anavyojua jina lake. Yeye ni mtoto wa mjini. Mitunguu aliijua kwa kwenda na baba yake kununua mbuzi, na kwa kuja kwetu mara moja moja. Halafu ni yeye anayechora shamba la kwetu, bila kuniuliza swali hata moja, na analichora vizuri. Hata mpini wa koki ulikuwa umekaa sawasawa. Mimi nilikuwa ninachora farasi, mnyama ambaye sijawahi kumgusa.

Miezi miwili haikuisha kabla Zamu haijafika kila mahali. Walimu wa shule za Kaaga wakija kuchukua mitihani yao walikuwa wanaicheza wakingoja. Mwalimu mmoja wa hesabu alisimama mbele ya kaunta yangu, karatasi zake ziko tayari, akaniinulia kiganja nisubiri. Migomba yake ilikuwa inakunywa. Nikasubiri. Ndani yangu nilikuwa namwaga petroli kwenye mashamba yote sita.

Halafu akaja Maxine. Maxine ni mwalimu wa kompyuta Embu, na ndiye anayeongoza chama cha vijana wa Meru na Embu wanaotengeneza gemu. Nilikuwa nimemtumia Wana wa Mlima mara tatu. Mara ya kwanza kompyuta yake ilikataa kuifungua. Mara ya pili ilifungua ikazima. Mara ya tatu alinijibu maneno matano: "Nimeona ukungu. Ni mzuri sana." Niliyahifadhi maneno yale. Niliyarudia nikiosha vyombo. Mwezi uliofuata akaandika kuhusu Zamu mbele ya watu wote kwenye ukurasa wake, aya saba, akianza hivi: "Nimecheza gemu hii nikasahau chai jikoni mpaka sufuria ikaungua." Sufuria yake iliungua kwa ajili ya Jamaldin. Kwa ajili yangu haikuungua hata karatasi.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuicheza Zamu kwa siri. Niliicheza chini ya kaunta, niliicheza kwenye foleni ya benki, niliicheza kanisani wakati wa matangazo. Nilikuwa natafuta kosa. Kila mtu aliyeisifu alicheza duru kumi au kumi na tano, akatosheka, akaenda kusifu. Mimi nilipita ishirini, nikapita thelathini. Naweza kuapa kwamba hakuna mtu aliyeipenda gemu ile aliyeicheza kama mimi niliyeichukia.

Kwenye duru ya thelathini na tano nikalipata.

Mbele ya nyumba moja kukatokea viti vyeupe vidogo na moshi mwembamba. Sikujali, nilidhani ni pambo. Siku ya zamu yangu ikafika, nikafungua koki, maji hayakutoka. Koki ilizunguka bure. Nikaifunga, nikaifungua. Hakuna. Siku ikapita, migomba yangu ikainamisha majani. Nikaizima gemu, nikaanza upya, nikarudi mpaka pale pale kwa siku mbili za kazi, na pale pale ikagoma tena. Koki za majirani sikuzigusa, maana gemu yenyewe ilikuwa imenifundisha tangu duru ya kwanza kwamba koki isiyo yako haiguswi.

Nilifurahi vile mtu hufurahi kusikia mvua imenyesha kwake ikaliruka shamba la jirani. Rafiki angempigia simu mwenzake amwambie, ndugu yangu, kuna mahali pamekwama. Mimi nilirekodi video ya kioo cha simu, nikaihifadhi.

Nafasi ya kuitumia haikukawia. Chama cha Maxine kilikuwa kimepata kiti kimoja kwenye karakana ya gemu Nairobi, miezi sita, na mafundi wa kukufundisha na mashine ambazo mtu wa huku huziona kwenye picha tu. Walibaki watu wawili, mimi na Jamaldin, na kamati ikagawanyika katikati. Maxine akaamua tuitetee kazi yetu mbele ya wanachama, ukumbini Embu, Jumamosi, kwa mdahalo. Mada ilikuwa kama gemu ndogo ya mtu mmoja inastahili sifa kuliko gemu kubwa ya mamilioni. Watu wangenyoosha mikono, na atakayepata mikono mingi ndiye atakayekwenda.

Kiti kile nilikitaka kuliko kitu chochote. Wana wa Mlima isingeisha Kaaga, hilo nilikuwa nimeshalijua. Ingeishia kwenye feni ile inayolia, nami nizeeke nikichapa mitihani ya darasa la nane hadi wanafunzi wawe mababu.

Ukumbi ulijaa siku hiyo, wengi wao vijana wa Embu mjini na wa kutoka Siakago kule chini kwenye ukame. Jamaldin aliongea kwanza. Hakuwa mtu wa majukwaa. Alisema gemu kubwa ni kama sherehe ya harusi, unaalikwa, unakula, unashangaa, unarudi nyumbani. Lakini gemu ndogo ni kama kikombe unachonywea kila asubuhi, na mtu hamsifu aliyetengeneza kikombe mpaka siku kinapovunjika. Watu walicheka kidogo. Alisema mtu mmoja anaweza kuweka ndani ya gemu jambo alilolishuhudia, ilhali watu elfu moja hawawezi kushuhudia jambo moja. Kisha akaketi. Nikaona Maxine anaandika.

Mimi ni mtu wa majukwaa. Nilisema kwamba kusifu kidogo kwa sababu ni kidogo ni ugonjwa wetu, kwamba tumezoea kuridhika na kibanda halafu tunakiita unyenyekevu. Nilisema wale wa ng'ambo hawakuogopa ukubwa, kwa nini sisi tuogope. Nilisema wiki tatu ni muda wa kuatamia mayai. Ukumbi ukaanza kuchemka. Nikawapa ubeti niliokuwa nimeutunga kaunta, huku mwalimu wa hesabu akingoja karatasi zake:

Mchezo usio vita, nauita wa watoto,
Mabomba unayavuta, wala hauoni mto,
Ukibonya na kusita, hakuna hata fukuto,
Kubwa hubaki ni kubwa, ndogo haivuki lango.

Walipiga meza. Mstari wa mwisho waliurudia wenyewe mara mbili. Ndipo nikaonyesha video ukutani. Nikawaambia tazameni, hii ndiyo gemu iliyoisha. Leo ni zamu yangu. Nafungua. Maji yako wapi?

Kicheko kilichotoka pale nilikisikia kwenye mifupa. Virginia, msichana wa Siakago mwenye sauti ya kengele, alisimama bila kuitwa, akasema kwao hawana bomba, wanangoja mvua tu, lakini hata yeye anajua koki ikifunguliwa inatakiwa itoe maji. Wakacheka zaidi.

Maxine akampa Jamaldin kipaza sauti ajibu. Aliitazama video ile ikijirudia ukutani, viti vyeupe, moshi, koki inayozunguka bure. Halafu akanitazama mimi. Nilidhani ana hasira, lakini haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu aliyekuta mlango wazi kwenye nyumba ya jirani na hajui kama aufunge au abishe hodi.

"Hilo si kosa," akasema. "Niliiweka hivyo."

"Kwa nini?" Maxine akamuuliza.

Akanitazama tena. "Naomba nisieleze hapa, mwalimu."

Ukumbi ukaguna. Mtu asiyeweza kutetea kazi yake, nikasema bila kipaza sauti lakini kwa sauti ya kutosha, asiilete kwa watu. Mikono ikanyooshwa. Mimi sitini na mmoja, yeye ishirini na wawili. Maxine alitangaza uso wake ukiwa umejikunja kidogo, akasema jina litapelekwa Nairobi baada ya mkutano wa Jumamosi ijayo, ambapo nitatia saini. Jamaldin aliondoka bila kunipa mkono. Mimi nilipewa mikono na wengine wote.

Jumapili, baada ya ibada, nikashuka Mitunguu kumpelekea mamangu habari. Tangu baba afariki mwaka juzi anaishi peke yake, naye hupenda kusikia habari njema zikiletwa kwa miguu kuliko kwa simu. Nilimkuta ameketi kibarazani anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamweleza habari ya kiti cha Nairobi. Akafurahi, akapiga kigelegele kidogo cha mtu aliye peke yake. Akauliza na yule kijana wa Hassan je, maana alijua tulikuwa wawili. Nikamwambia nilimshinda. Nikatoa simu nimwonyeshe nilivyomshinda.

Mama aliitazama ile video akiwa ameshika harage moja mkononi. Nilikuwa nangoja acheke.

"Kwa nini unajifungulia mwenyewe?" akauliza. "Si unaona viti?"

Nikamwambia viti ni pambo. Nikamweleza kwamba siku hiyo ilikuwa zamu yangu na maji yalikataa kwa sababu aliyeitengeneza alikosea.

"Mimi nimeipita hapo kitambo," akasema.

Sikujua hata kama ana gemu ile. Alikuwa nayo. Jamaldin alimwekea kwenye simu mwenyewe, siku moja alipokuja na baba yake kununua mbuzi, na mama hakuona sababu ya kunitajia, kama vile hakunitajia kuwa alinunua chumvi. Alifuta mikono kwenye leso, akaichukua simu yangu kutoka mkononi mwangu, akafungua gemu pale nilipokwama. Siku ilikuwa ya kwangu. Akagusa koki ya nyumba yenye viti. Maji yakatoka, yakaenda kule, migomba ya kule ikanyanyuka. Siku iliyofuata ilikuwa ya jirani mwingine; bila mtu kugusa kitu, naye akafungulia kule kule. Na mwingine. Viti vikaondoka, moshi ukaisha, zamu zikarudi kama kawaida.

"Nyumba yenye msiba hainyimwi maji," mama akasema. "Kwenye laini yetu ya maji kila mtu hutoa siku yake mpaka mazishi yaishe. Hujui?"

Nilisema sikujua.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na huo ndio ulioniumiza, kwamba hakukusudia kunikosoa. "Babako alipofariki, ulidhani ndizi zetu zilinyweshwa na nani? Ilikuwa kiangazi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Wewe ulikuwa Kaaga unachapa programu ya mazishi."

Ilikuwa kweli. Nilitumia siku nne huko juu. Nilichagua karatasi, nikachagua picha, nikatunga shairi la beti ishirini na mbili la kumuaga, na kila mtu aliniambia hajawahi kusikia shairi kama lile kaburini. Nilikwenda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na moja, na tangu hapo shamba letu nilikuwa nalipita nikienda chumbani kulala. Migomba ilikuwa ya kijani kila nilipokuja. Sikujiuliza kwa nini.

"Salesio alitoa siku yake," mama akasema, akihesabu. "Kina Murungi wakatoa, na wale wa chini. Na yule rafiki yako alikuja na nyama, akabaki. Siku tatu alikuwa anahamisha springla za kunyunyizia maji, suruali imekunjwa mpaka magotini, mtoto wa bucha, hajui hata pa kukanyaga. Alikuwa anauliza kila kitu. Nilidhani ni wewe uliyemtuma."

Mzee Salesio, ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuwa amesikia jina lake akasogea kwenye ua. Mama akamweleza, kwa Kimeru, na akamweleza yote. Mzee akacheka polepole.

"Huyu alikuwa anasoma shairi," akasema. "Lilikuwa zuri, kijana. Refu."

Ningependa kuandika kwamba nililia, au kwamba nilijuta hapo hapo. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa wivu, tena wivu mkali kuliko wote uliotangulia. Sufuria ya Maxine ilikuwa si kitu. Jamaldin alikuwa amemzika baba yangu kuliko mimi. Alikuwa na matope ya shamba la baba yangu miguuni, na mimi nilikuwa na wino vidoleni. Alikuwa ameona jambo lililofanyika nyumbani kwetu, kwa ajili yetu, akalibeba akaenda nalo, akalifanya liwe kitu ambacho mamangu anakielewa bila kusoma neno. Mimi nina beti mia nne ambazo mamangu hajawahi kuziomba.

Aibu ilikuja baadaye, nilipokuwa nimesimama kwenye migomba na simu sikioni.

Ililia mara nyingi kabla Jamaldin hajapokea. Nikamwambia niko nyumbani. Nikamwambia mama ameivuka.

"Ungesema," nikamwambia. "Ungesema tu kwamba ni desturi."

"Wangeuliza mtoto wa Mitunguu amekosaje kuijua." Alikuwa buchani, nilisikia shoka likitua kwenye gogo, nyuma yake. "Halafu ningesema nini? Kwamba viti hivyo ni vya matanga ya babake huyu anayenicheka? Mbele ya watu wa Embu? Siwezi kukuvua nguo namna hiyo, Kaile."

Nikasema asante. Lilitoka kama kitu kilichokwama kwenye meno.

"Usinifanye malaika," akasema. "Nilipofika nyumbani nilifuta namba yako."

"Umejuaje ni mimi?"

"Naijua kwa kichwa, mjinga wewe."

Kisha nikasema nitampigia Maxine nimweleze.

"Si kwa simu," akasema. "Wewe ulisema ukiwa umesimama mbele ya watu."

Nilikuwa na siku sita za kuamua, na sitajisifu kwamba nilizitumia vizuri. Jumatatu nilijiambia kwamba kura ni kura. Jumanne nilijiambia kwamba hata kama ile si kosa, mada ya mdahalo haikuwa Zamu peke yake, ilikuwa ndogo na kubwa, na upande wangu ulikuwa na hoja. Jumatano niliiwasha Wana wa Mlima, nikautazama ukungu ukishuka mpaka feni ikaanza kulia, nikajaribu kukumbuka ni wapi nilikuwa nimeuona ukungu ule. Nilikuwa sijauona popote. Niliutoa kwenye gemu ya watu wengine. Farasi pia. Ngome pia. Alhamisi na Ijumaa sikujiambia kitu.

Jumamosi ukumbini Maxine aliweka fomu mezani na kalamu juu yake. Niliomba dakika tano kabla ya kutia saini. Watu wakapiga meza, wakidhani nimekuja na ubeti mwingine. Sikuwa nao. Nilikuwa nimejaribu kuutunga na kila mstari ulikuwa unanipamba mimi.

Niliifungua Zamu ukutani, duru ya thelathini na tano, nikagusa koki ya nyumba yenye viti. Maji yakaenda. Nikawaacha watazame majirani wakifungulia kule kule, mmoja baada ya mwingine, mpaka viti vikaondoka. Kisha nikawaambia viti vile ni nini, na nyumba ile ni ya nani, na ni nani aliyekuwa anahamisha springla, na mimi nilikuwa wapi. Sikufunga macho lakini sikumtazama mtu. Nilipomaliza, nilisikia mtu akiweka chupa ya maji sakafuni.

Virginia wa Siakago akanyoosha mkono, safari hii akangoja aitwe.

"Kwa hivyo sasa unatuambia gemu ndogo ni bora kuliko kubwa?"

Niliona mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, nikaonekana nimeongoka, na watu wakanipenda. Nikasema hapana. Nikasema bado naamini iko siku mtu wa huku atatengeneza gemu kubwa, yenye watu mia na ukungu wa kweli, na itastahili kila sifa. Ukubwa si dhambi.

"Lakini hii," nikasema, na hapa ulimi ulikuwa mzito, "ni bora kuliko yangu."

Nimewahi kukariri beti ishirini na mbili mbele ya jeneza bila sauti kutetemeka. Maneno yale sita yalinitetemesha.

Maxine aliichukua ile fomu mezani, akaikunja mara moja, akauliza wanachama kama wanataka kura irudiwe. Wakataka. Jamaldin alikuwa amesimama karibu na mlango, ameegemea fremu, hakuja mbele. Mikono ya wanaomtaka ikapanda safu kwa safu, Maxine akihesabu kwa kidole. Alipofika safu yangu, mkono wangu ulikuwa bado uko pajani, na nilijua anauona. Mkono ni mzito kuliko ulimi. Akangoja. Nikaunyoosha.

Wakampigia makofi, wakamzunguka, wakamshika mabega. Virginia alikuwa anamwonyesha kitu kwenye simu yake na yeye anainama kutazama. Maxine alikuwa anacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Mimi pia nilipiga makofi, nikiwa nimeketi. Ya mwanzo yalikuwa ya uongo, najua. Ya mwisho sina hakika.